Jiwe la Pikapu ya Aloyce

Gertruda alishuka kwenye bodaboda mbele ya nyumba yake kijijini Matiri, akiwa na kikapu kizito mkononi na hasira za siku mbili kifuani. Dereva wa bodaboda alimtakia siku njema. Hakujibiwa. Tangu Alhamisi mchana Gertruda alikuwa hospitalini Mbinga, analala sakafuni kando ya kitanda cha Devotha, na huko aliulizwa swali moja ambalo hakuwa na jibu lake.

"Jiwe ulilitoa wewe," Devotha alimwambia Ijumaa asubuhi. "Sawa, umeniambia na nimesikia. Lakini hendibreki si uliivuta?"

"Niliivuta. Mpaka juu kabisa."

"Basi kwa nini gari lilikuja?"

Hakuuliza kwa ubaya, na hilo ndilo lililomuuma Gertruda. Angetukanwa angetukana, mambo yakaisha. Lakini Devotha aliuliza taratibu, macho yakiwa darini, kama mtu anayeuliza bei ya chumvi, na mguu wake wa kulia ulikuwa umevunjika sehemu mbili chini ya goti. Daktari alisema atatembelea magongo mpaka mwakani. Shamba lake la ngolo, yale mashimo tunayochimba milimani ili mvua isibebe udongo, liko kwenye mteremko ambao hata mbuzi huushuka kwa adabu. Nani angelilima? Wawili hawa walipata komunyo ya kwanza siku moja kule Kigonsera, wakaolewa kijiji kimoja, na kwa miaka ishirini na mitano wamepika pamoja kwenye kila harusi na kila msiba wa Jumuiya yao ya kanisani.

Mambo yenyewe yalikuwa hivi. Alhamisi alizikwa mzee Raimundi. Pikapu ya Aloyce, mume wa Gertruda, ndiyo iliyobeba kuni, maharage na vyombo vya Jumuiya. Vitalis, dereva wao, aliiegesha kwenye njia iliyo juu ya nyumba ya msiba, akaiacha ndani ya gia, akashuka na kuweka jiwe nyuma ya gurudumu. Kwa watu wa nchi tambarare hilo ni jambo la ajabu, lakini huku kwetu kila gari kuukuu lina jiwe lake. La pikapu hii lilikuwa jiwe la mtoni, la kimo cha ndoo ndogo, na Aloyce mwenyewe alilipaka rangi nyeupe upande mmoja ili watu wasilichukue.

Jikoni sufuria la wali wa watu mia mbili lilikuwa linayumba. Mafiga mawili yalikuwa sawa, la tatu lilikuwa fupi. Gertruda ndiye aliyekuwa mkuu wa jiko, na mkuu wa jiko akiona wali unataka kumwagika haiti kikao. Aliinua macho, akaliona lile jiwe jeupe, kimo kilekile anachokitaka. Hakuwa mjinga. Kwanza alifungua mlango wa pikapu, akashika mkono wa hendibreki, wenye mpira mpya mweusi, akauvuta kwa mikono miwili mpaka ukagoma. Ndipo akalitoa jiwe. Akasimama kidogo akiitazama pikapu. Haikusogea. Alisema moyoni kwamba atamwambia Vitalis, kisha akaliinamia jiko na moshi, akasahau.

Na kwa nini asiiamini? Mwaka jana, baada ya msimu wa kahawa, alimpa mumewe hela za kutengeneza hendibreki. Aloyce akaenda Songea na pikapu, akakaa huko siku mbili, akarudi anapiga honi tangu mbali. Alimwita mkewe, akamkalisha kwenye kiti cha dereva, akamshikisha ule mkono wenye mpira mpya. "Sasa hii," alisema, "hata ukiegesha ukutani inashika." Gertruda alifurahi akamchinjia jogoo.

Gia ya pikapu ile ilikuwa na tabia ya kuchomoka yenyewe. Robo saa baada ya jiwe kutolewa, ilichomoka. Gari lilirudi nyuma bila injini, bila kelele, likaruka mfereji, likampiga Devotha aliyekuwa ameinama anasuuza sahani, likaenda kutua kwenye shimo la ngolo. Gertruda aliondoka saa ileile na rafiki yake kwa gari la jirani. Hakujua nyuma yake kulisemwa nini.

Sasa alikuwa karibu kujua. Alimkuta Vitalis amekaa kwenye ngazi ya nyumba, mikono magotini, hana ufunguo unaoning'inia kiunoni kama ilivyo kawaida yake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mbona umekaa kama uliyefiwa wewe?"

"Mama, inasemwa mimi ndiye niliyemvunja mguu mama Devotha." "Mzee amechukua ufunguo na leseni yangu. Mwalimu Rodrick anakuja mchana, tunaenda naye polisi. Maelezo yameshaandikwa, ninatakiwa kusaini tu. Naapa jiwe niliweka, mama. Naapa kwa watoto wangu."

Mwalimu Rodrick ni kaka yake Devotha, anafundisha Kigonsera, mtu wa maneno machache. Gertruda aliweka kikapu chini, akanyoosha mkono, akapewa karatasi. Ulikuwa mwandiko wa mumewe, ule wa mikia mirefu anaoutumia kwenye barua za chama cha wakulima. *Dereva hakuvuta hendibreki, ambayo ni nzima na ilitengenezwa mwaka jana, na wala hakuweka jiwe, kwa uzembe wake mwenyewe.* Aliisoma mara mbili.

Nyuma ya nyumba nyundo ilikuwa inalia. Pikapu ilishavutwa kutoka shambani, imesimama uani palipo sawa, na fundi Meshack kutoka Ruanda ya huku Mbinga alikuwa ananyoosha bampa ya nyuma. Pembeni yake alisimama Aloyce, amevaa suti yake ya kijivu, Jumamosi asubuhi, uani, mbele ya kuku. Ndivyo alivyo Aloyce. Akisubiri mgeni mwenye elimu huvaa suti hata kama mgeni anakuja kwa shari.

"Umerudi, Mama Hilda," alisema. "Mgonjwa anaendeleaje?"

"Nani kakwambia Vitalis hakuweka jiwe?"

"Jiwe halikuonekana. Watu wote walitafuta."

"Wangetafuta jikoni wangeliona. Nililitoa mimi."

Nyundo ya Meshack ilikaa kimya. Aloyce alimshika mkewe kiwiko, akamvuta mpaka kwenye kona ya banda la kuku, akashusha sauti.

"Nyamaza. Usilirudie hilo neno mbele ya mtu yeyote. Unataka kulala ndani? Vitalis ni mwanamume, atapigwa faini, leseni atachukua nyingine, yataisha. Mimi nakulinda wewe, hulioni hilo?"

"Unanilinda," alisema Gertruda.

"Ndiyo."

"Kwa kumtosa mtu mwenye watoto watatu, aliyefanya kazi yake. Asante sana. Mimi niliivuta hendibreki, Baba Hilda. Niliivuta kwa mikono miwili. Kwa nini gari lilikuja?"

Aloyce alitazama viatu vyake. "Hukuivuta vizuri. Ninyi wanawake mnaivuta kama mnavuta khanga kwenye kamba. Ile inataka nguvu."

Heri angenyamaza. Mwanamke aliyeambiwa hivyo alikuwa akibeba gunia la mahindi kichwani kutoka bondeni wakati Aloyce anahema na mkoba wa mikutano. Gertruda alikitoa kiwiko chake mkononi mwa mumewe kwa nguvu hata suti ikakunjamana, akarudi kwenye pikapu.

"Fundi! Nilipokupigia simu jana nilikwambia ulete nini?"

Meshack alijifuta jasho. Ni mtu mpole, aliyehamia kutoka Mbeya miaka kumi iliyopita, na hapendi ugomvi wa mke na mume kwa sababu humcheleweshea kazi. "Uliniambia nilete vifaa vya hendibreki, mama. Nimeleta vyote, viko kwenye sanduku. Lakini mzee amesema breki ni nzima, ninyooshe bampa na taa tu."

"Acha bampa. Fungua magurudumu ya nyuma."

"Fundi, endelea na bampa," alisema Aloyce.

"Fundi," alisema Gertruda, "bampa hiyo hata ikinyooka kama rula haizuii gari. Fungua."

Meshack aliwatazama wote wawili, akapima nani ana hasira zaidi, akachukua jeki. Vitalis aliinuka kwenye ngazi bila kuitwa, akaja kukaza magogo kwenye magurudumu ya mbele. Nati za gurudumu la kulia zilitoka. Lakini ngoma, lile bakuli la chuma linalofunika breki, haikutoka. Meshack aliigonga pembeni kwa nyundo, akazunguka, akagonga tena. Haikucheza. Alidondosha mafuta ya taa pale katikati, akasubiri, akagonga. Ilipita zaidi ya nusu saa, jasho linamdondoka puani, na kila nyundo ilipogonga Gertruda alimtazama mumewe.

"Fundi, samahani," alisema. "Ngoma iliyofunguliwa mwaka jana hugandia hivi?"

"Aah, mama." Meshack hakutaka kumtazama Aloyce. "Ya mwaka jana hutoka kwa kugonga mara mbili tatu. Hii haijaguswa siku nyingi."

"Siku nyingi ngapi?"

"Kutu hii? Miaka saba. Labda minane."

Ngoma ilitoka kwa mlio mmoja mkali, ikaanguka chini, na harufu ya mafuta ikajaa uani. Meshack alichuchumaa, akamwita Gertruda aje aone mwenyewe. Ndani kulikuwa na viatu viwili, vile vipande vilivyopinda ambavyo hutanuka na kuibana ngoma ili gurudumu lisizunguke. Kimoja kilikuwa kimelika mpaka chuma kitupu. Cha pili kilikuwa kinang'aa kwa mafuta mazito yaliyokuwa yanavuja kutoka kwenye ekseli. Meshack alipitisha kidole, akakionyesha, cheusi mpaka kwenye pingili.

"Hapa hata tembo avute mkono kule mbele, hakuna kitu kitakachoshika," alisema. Akaingia uvunguni, akaushika waya unaotoka kwenye hendibreki. "Na huu nao umegandia ndani ya ganda lake. Ndiyo maana ukivuta unasikia mzito, unadhani imeshika. Mama, ulikuwa unavuta kutu."

Gertruda alikwenda mbele, akafungua mlango wa dereva. Aliushika ule mkono wa hendibreki. Mpira ulikuwa bado mpya, mweusi, laini, una vijimistari vya kuzuia vidole visiteleze.

"Na huu mpira, fundi? Huu unafungwaje?"

"Huo?" Meshack alijibu kutoka uvunguni. "Huo unauzwa duka lolote la vipuri. Unauchomeka tu, kama soksi."

Kama soksi! Gertruda alisimama pale ameushika, na jogoo aliyemchinja mwaka jana akamrudia, pamoja na vile alivyompakulia mumewe paja lote. Alimgeukia Aloyce. Suti. Suti ile ya kijivu nayo ilitoka Songea mwaka jana, na Aloyce alisema ni zawadi ya wanachama wa chama cha wakulima walipomchagua mwenyekiti. Gertruda hakuwa ameuliza ni wanachama gani waliochanga. Leo aliipima kutoka kola mpaka pindo.

"Nimetapeliwa," alisema Aloyce upesi, kabla hajaulizwa. "Huyo fundi wa Songea ni tapeli. Alikula hela zangu, akaniwekea mpira. Mungu anamwona."

"Anaitwa nani?"

"Nimesahau jina. Mwaka mzima umepita."

"Gereji yake iko wapi?"

"Kule… nyuma ya stendi. Alishahama, nilisikia."

"Vitalis," alisema Gertruda, bila kumwondolea mumewe macho, "wewe uliambiwa nini kuhusu hendibreki baada ya Songea?"

Vitalis alisugua nati kwa kitambaa muda mrefu kuliko nati ilivyohitaji. "Mimi niliambiwa nisishuke garini bila jiwe, mama. Mzee alisema, popote nitakapoegesha, jiwe kwanza. Sikuuliza zaidi."

"Hiyo ni tahadhari!" Aloyce alipaza sauti. "Mtu hawezi kuwa na tahadhari? Mwenye gari zuri hana ruhusa ya kuweka jiwe?"

Kazi ikaendelea. Gertruda hakuingia ndani kuoga wala kunywa chai. Alifunga khanga kiunoni, akakaa juu ya debe, akawa anampa Meshack kila alichoomba, spana, koleo, tambara, na kila kitu alikitoa kwa kukibamiza kwenye kiganja cha fundi mpaka fundi akaanza kuomba vitu vichache. Walibadilisha mpira wa ekseli uliokuwa unavujisha mafuta. Waliosha ngoma kwa petroli, wakaisugua kwa msasa ikarudi kuwa ya rangi ya chuma. Walifunga viatu vipya na springi zake. Waya wa zamani ulikatwa vipande viwili ili utoke, na ulipokatwa ulimwaga unga mwekundu chini. Ukaingizwa mpya, umepakwa grisi. Kisha upande wa kushoto, yaleyale, kutu ileile, nyundo zilezile. Mwisho Meshack alilala chali akikaza nati ya waya kidogokidogo huku Vitalis ndani anavuta mkono na kuhesabu milio ya meno yake mpaka ugome. "Kumi na moja," alisema Vitalis. Fundi akakaza. "Tisa." Akakaza. "Sita." "Hapo hapo, acha," alisema Meshack.

Kazi hii yote ilikula saa nne na dakika kidogo. Gertruda alihesabu. Saa nne, na kwa ajili ya saa nne ambazo hazikutumika mwaka jana, Devotha atakaa kwenye magongo mpaka mwakani. Alitamani kupiga kelele. Alitamani kuvunja kitu chenye thamani, na uani kitu pekee chenye thamani kilikuwa suti.

Mwalimu Rodrick alifika jua likiwa limeshavuka utosi, kwa miguu, shati jeupe limelowa mgongoni. Hakukaa kwenye kiti alichowekewa.

"Nimemfuata dereva," alisema.

"Yuko tayari, Mwalimu," Aloyce alianza. "Maelezo nimeandika…"

"Maelezo ni ya uongo," alisema Gertruda. Alisimama katikati yao, mikono ina grisi. "Mwalimu, nisikilize mimi, kisha umchukue unayetaka. Vitalis aliweka jiwe. Mimi ndiye niliyelitoa, nikalifanya figa. Kabla sijalitoa nilivuta hendibreki mpaka juu, kwa sababu mume wangu aliniambia mwaka jana ameitengeneza, akanionyesha na mpira mpya. Leo fundi amefungua mbele ya macho yangu. Haikuwahi kuguswa. Dada yako nimemweleza habari ya jiwe, anajua. Kilichobaki ndicho hiki ninachokwambia."

Mwalimu alimtazama Meshack. Meshack akainua kiatu cha zamani kilicholika, akampa. Rodrick alikigeuza mara mbili mkononi.

"Aloyce," alisema. "Mzee mwenzangu. Ni kweli?"

Hapo ndipo Aloyce alipoonyesha kwa nini huchaguliwa mwenyekiti. Aliweka mkono kifuani. Sauti yake ikawa na machozi, ingawa macho yake yalikuwa makavu. "Mwalimu, na mimi nimeumizwa kama ninyi. Nilitoa hela, fundi wa Songea akanitapeli. Ningejuaje? Mimi si fundi. Nililiamini gari langu kama mke wangu alivyoliamini. Nakuapia, hata mimi siku ile ningelitoa lile jiwe bila wasiwasi wowote. Kosa ni la tapeli, na kidogo la dereva, maana dereva ndiye anayepaswa kulijua gari lake. Twende polisi, Vitalis aandike, na tapeli atafutwe."

Yalikuwa maneno yaliyopangwa vizuri. Gertruda aliona yanavyomwingia Mwalimu, maana hakuna mtu anayetaka kuamini kwamba jirani yake ni mwongo wa kiasi hicho. Rodrick alipumua, akamtazama Vitalis. "Basi jiandae twende," alisema. "Huko utayasema yako."

Vitalis alianza kushusha mikono ya shati lake.

"Ngoja," alisema Gertruda. "Hatujajaribu breki."

Mwalimu alikunja uso, lakini alingoja. Gertruda alimpa Vitalis ufunguo wa akiba, akamwambia alipandishe gari kwenye njia ya juu ya nyumba, pale ambapo hata baiskeli huegeshwa kwa kulazwa. Vitalis alilipandisha, akalisimamisha pua ikitazama kilele, akavuta hendibreki. Milio sita. Akazima injini, akatoa gia, akaondoa mguu kwenye breki, akaonyesha mikono yake yote miwili dirishani. Gari lilikaa. Meshack alikwenda mbele, akalisukuma kwa bega kuelekea bondeni. Halikusogea hata unene wa ukucha.

"Imeshika," alisema fundi.

Gertruda alipita nyuma ya gari. Alisimama hatua mbili kutoka kwenye bampa, katikati kabisa, akaligeuzia mgongo, akainama kama Devotha alivyoinama kwenye sahani. Alikaa hivyo mpaka Mwalimu Rodrick akageuka pembeni kwa kutoweza kutazama. Kisha akainuka.

"Baba Hilda, zamu yako."

"Zamu ya nini?"

"Umemwambia Mwalimu kwamba wewe siku ile ungelitoa jiwe bila wasiwasi. Breki ile hukuiona ikifungwa, ukaiamini. Hii umeiona tangu nati ya kwanza. Simama hapa."

Aloyce alicheka. Kicheko kilitoka peke yake, hakuna aliyekisindikiza. Alivuta koti la suti, akashuka na njia, akasimama pembeni ya gurudumu.

"Katikati," alisema Gertruda.

Alisogea katikati. Bampa ilikuwa usawa wa magoti yake, na juu ya bampa kulikuwa na gari lote, na juu ya gari mlima. Alimtazama Vitalis kwenye kioo. Alilitazama gurudumu la kulia, akalitazama la kushoto, kisha macho yake yakashuka chini nyuma ya matairi, yakaanza kutafuta kwenye vumbi, huku na huku, na kabla hajajijua mdomo wake ukasema:

"Jiwe liko wapi? Wekeni jiwe kwanza."

Meshack alishusha macho akaitazama spana yake. Aloyce alisikia mwenyewe alichokisema, na uso wake ukabadilika polepole.

Mwalimu Rodrick alishuka mpaka alipo. Kwa muda Gertruda alidhani atampiga, na Mungu amsamehe, hakufanya hatua yoyote ya kumzuia. Lakini Mwalimu aliingiza mkono kwenye mfuko wa suti ya kijivu, akatoa ufunguo na leseni ya Vitalis, akatoka bila kumgusa zaidi, akaenda kumpa Vitalis vyake dirishani.

"Huu ni wako," alisema kuhusu ufunguo. "Kaa nao wewe."

Gertruda alikuwa ameshakwenda kwenye ngazi ya nyumba na kurudi na kikapu chake. Asubuhi, akirudi, alikuwa amepitia nyumba ya msiba. Alitoa jiwe. Ule upande uliopakwa rangi nyeupe sasa ulikuwa mweusi tii kwa masizi ya wali wa mzee Raimundi. Alimpa mumewe, na Aloyce, kwa mazoea ya miaka minane, akalipokea kwa mikono miwili, akainama kulielekea gurudumu.

"Usiliweke chini," alisema Gertruda. "Hapo halina kazi tena. Libebe, upande nyuma."

"Tunaenda wapi? Polisi?"

"Polisi utakwenda na Mwalimu Jumatatu, yeye ataamua. Leo tunaenda hospitali. Devotha ameniuliza kwa nini gari lilikuja, na mimi sikuwa na jibu. Utamjibu wewe. Na usimwambie habari ya Songea, maana nitakuwa nimesimama hapo hapo."

Aloyce alipanda nyuma ya pikapu, akakaa kwenye mbao, jiwe mapajani, masizi yanaingia kwenye suti. Mwalimu na Gertruda walikaa mbele na Vitalis. Meshack alibaki njiani anakusanya spana zake. Vitalis aliwasha injini, akaushika ule mkono wenye mpira mweusi, akaushusha, na gari likaanza kwenda Mbinga.